Risasi: sumu isiyonuka inayoingia nyumbani kwa miguu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumsema rafiki mnafiki au jamaa msaliti. Lakini ipo sumu moja jijini Nairobi ambayo methali hiyo yaifaa neno kwa neno. Hurudi nyumbani jioni ikiwa imeshika kwenye ovaroli ya fundi, kwenye nyayo za viatu vya mpita njia na kwenye viganja vya mtoto aliyeshinda akicheza kando ya barabara. Haina harufu, haina ladha, na kiasi kinachotosha kumdhuru mtoto hakionekani kwa macho. Sumu hiyo ni madini ya risasi.

Mpenzi msomaji, risasi tunayoizungumzia leo siyo ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, ingawa majina hayo mawili hayakufanana bure: vipande vinavyofyatuliwa na bunduki aghalabu hutengenezwa kwa madini haya. Ni madini mazito, ya rangi ya kijivu, ambayo huyeyuka kwa urahisi. Nyuzi 327 za joto zatosha, na jiko la makaa lililopulizwa vyema hufika hapo. Kwa sababu ya wepesi huo wa kuyayeyusha, binadamu ameyatumia kwa maelfu ya miaka kutengenezea mabomba, rangi, vyombo na hatimaye betri za magari. Kwa sababu hiyo hiyo yametapakaa kila mahali penye watu wengi na kazi nyingi.

Katika funzo la juma hili tutaeleza risasi hutoka wapi katika jiji letu, hasa katikati ya mji na mitaa ya magharibi kama Kangemi, Kawangware, Dagoretti, Kilimani na Westlands. Kisha tutaona jinsi inavyoingia mwilini, kwa nini mtoto ndiye huumia zaidi, na hatua ambazo mzazi anaweza kuchukua akiwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni.

PETROLI ILIONDOKA, RISASI IKABAKI

Mnamo 1921 mhandisi Mmarekani, Thomas Midgley, aligundua kwamba petroli ikitiwa mchanganyiko wenye risasi, injini ya gari huacha kugonga na kutetemeka. Miaka miwili baadaye petroli hiyo ilianza kuuzwa, na baada ya muda ikaenea ulimwenguni kote. Hapa Kenya magari yaliitumia hadi mwisho wa 2005. Kwa miongo mingi, kila gari la petroli lililopita Uhuru Highway, Waiyaki Way, Valley Road au Ngong Road lilitoa moshi uliobeba chembechembe za risasi.

Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakaazimia kuiondoa petroli hiyo ifikapo mwisho wa 2005. Azimio hilo lilitekelezwa. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira, ambao makao yake makuu yako Gigiri papa hapa Nairobi, ndio uliosimamia kampeni hiyo ulimwenguni. Nchi ya mwisho kuacha kuwauzia wenye magari petroli ya risasi ilikuwa Algeria, mwezi wa Julai 2021.

Faida yake si ya kukisia. Nchini Marekani, watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano waliopimwa kati ya 1976 na 1980 walikuwa na wastani wa takriban mikrogramu 15 za risasi katika kila desilita ya damu. Baada ya petroli hiyo kupunguzwa, watoto wa umri huo waliopimwa kuanzia 1988 hadi 1991 walikuwa na wastani wa chini ya mikrogramu 4. (Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni, desilita ni sehemu ya kumi ya lita.)

Basi pengine utauliza: ikiwa petroli hiyo ilikwisha, ya nini kutiana hofu sasa? Jibu ni kwamba kilichokwisha ni petroli. Risasi haiozi kama ganda la ndizi, haiungui ikaisha, wala jua haliidhoofishi. Moshi ulipotua, risasi ilitua nao ikajishikiza kwenye tabaka la juu la udongo, sentimita chache tu kutoka usoni pa ardhi. Huko inaweza kukaa kwa karne nyingi. Haitoki hapo ila ibebwe: na upepo, na mvua, na jembe, na kiatu, au na tingatinga linalopanua barabara. Kwa hiyo udongo ulio kando ya barabara yoyote iliyokuwa na magari mengi kabla ya 2006 si wa kumwachia mtoto auchezee, hata kama leo hewa ya hapo haina risasi hiyo.

INAKOTOKA SIKU HIZI

Mbali na urithi wa petroli, zipo njia nyingine ambazo risasi mpya huongezwa kila siku.

Ya kwanza ni betri za magari. Betri ya kawaida ya gari ina kilo kadhaa za risasi. Maadamu imefungwa na inafanya kazi, haina neno. Hatari huanza inapokufa na kuvunjwa ili risasi yake iuzwe au iyeyushwe. Asidi yake, ambayo tayari ina risasi ndani yake, humwagwa chini, na moshi wa kuyeyusha huwaangukia majirani. Fundi anayefungua betri nje ya nyumba ya kukodi mtaani anawawekea sumu watoto wa ploti nzima, na hana habari.

Ya pili ni rangi. Kwa miaka mingi risasi ilitiwa katika rangi za mafuta ili zikauke upesi na kung'aa, hasa rangi za manjano, nyekundu na kijani kibichi. Siku hizi kiwango kinachoruhusiwa humu nchini ni sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi. Lakini sheria ya leo haibandui rangi iliyopakwa zamani. Huko Kileleshwa, Lavington na Kilimani nyumba kuukuu zinabomolewa kila uchao kupisha majengo ya ghorofa. Madirisha, milango na mageti yaliyopakwa tabaka juu ya tabaka hukwanguliwa kwa msasa, na vumbi lake likamezwa na mfanyakazi kisha likaingia kwa jirani. Mbao za nyumba hizo nazo huuzwa kama kuni. Mwenye kibanda anayezichoma chini ya sufuria ya githeri hajui kwamba moshi na majivu ya rangi hiyo ni sumu.

Ya tatu ni gereji na karakana. Katikati ya mji, eneo la Grogan kando ya Kirinyaga Road limekuwa kwa miaka na mikaka mahali pa vipuri na matengenezo ya magari, na Mto Nairobi uko hatua chache kutoka hapo. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika huwa yamekusanya vipande vidogo vya metali kutoka kwenye injini yenyewe. Yakimwagwa chini, mvua ya kwanza huyasukuma mtoni. Vipande vizito vinavyopigwa kwenye ringi ili gurudumu lisiyumbe, nazo waya za kulehemu redio na simu, mara nyingi huwa na risasi pia.

Ya nne iko jikoni. Baadhi ya sufuria humiminwa kutokana na vyuma chakavu vya kila aina vilivyoyeyushwa pamoja. Uchunguzi uliofanywa Cameroon ulionyesha kwamba sufuria za namna hiyo zaweza kutoa risasi ndani ya chakula, hasa chakula chenye uchachu kama nyanya. Aidha wapo waja wazito wanaotafuna mawe laini ya odowa yanayouzwa sokoni. Udongo unaoliwa namna hiyo umepatikana na risasi katika nchi mbalimbali. Wanja wa asili unaosagwa kutokana na mawe yanayong'aa waweza kuwa risasi karibu mtupu, na mtoto mchanga aliyepakwa hufikicha macho kisha akanyonya vidole.

MTO UNAOPITA KWETU

Mto Nairobi huanzia kwenye bwawa la Ondiri huko Kikuyu. Huteremka upande wa Dagoretti na Kawangware, ukapita Chiromo na chini ya Museum Hill, ukazunguka kaskazini mwa mji hadi Gikomba, kisha ukaelekea Dandora na hatimaye kuingia Mto Athi. Maji hayo ndiyo huwa Mto Galana, yaani Sabaki, na kumwagika katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Kwa hiyo mitaa ya magharibi ndiyo ya kwanza kuuchafua, na wengine wote chini ya mto hupokea.

Kando ya vijito vinavyoulisha mto huu utaona bustani za sukuma wiki, terere na nduma. Hizo ni riziki za watu, na mboga ni chakula bora. Lakini ni vyema kujua jinsi madini mazito yanavyofika kwenye mboga. Kuna yale yanayonyonywa na mizizi kutoka kwenye udongo na maji machafu, na kuna yale yanayotua juu ya jani kama vumbi. Yaliyotua juu ya jani hupungua sana ukiosha vizuri. Yaliyo ndani ya jani hayatoki kwa kuosha. Nduma iliyomea katika tope la mto huwa na tope hilo kwenye ganda lake, kwa hivyo imenye kwa unene.

Hapa yafaa tusahihishe dhana moja iliyoenea. Wengi wetu tulifunzwa kwamba maji yakichemshwa huwa salama. Hiyo ni kweli kwa viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa kuwa viini ni viumbe hai na moto huviua. Risasi si kiumbe. Haiwezi kufa. Ukichemsha maji yenye risasi, maji hupungua kwa mvuke lakini risasi hubaki yote, na sumu huzidi kuwa nzito. Dawa ya klorini nayo haiiondoi.

MTOTO SI MTU MZIMA ALIYEFUPISHWA

Risasi humpata mwanadamu kwa kuvuta hewa yenye vumbi au moshi wake, na kwa kuimeza. Kwa mtoto, njia kuu ni kuimeza. Mtoto wa miaka miwili hutambaa, huokota, na kila aokotacho hukipeleka mdomoni. Mkono wake huwa ni kijiko kinachochota vumbi la sakafu siku nzima.

Isitoshe, tumbo la mtoto hupokea risasi kwa pupa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo anaweza kunyonya mara nne hadi tano ya kiasi ambacho mtu mzima angenyonya kutokana na dozi ile ile. Sababu ni kwamba risasi hujifanya kalisi, yaani chokaa inayojenga mifupa. Mwili wa mtoto unaokua unaitafuta kalisi kila saa, nao hudanganyika ukafungua mlango. Mtoto mwenye njaa au aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalisi hunyonya risasi nyingi zaidi. Ndiyo sababu sumu hii huwaumiza maskini kwanza.

Ikiisha kuingia katika damu, hufanya uharibifu wa namna tatu. Kwanza, huzuia kutengenezwa kwa ile sehemu ya damu inayobeba hewa safi, na mtoto hupungukiwa na damu. Pili, huingia kwenye ubongo na kuvuruga mawasiliano ya neva wakati ubongo ungali unajengwa. Mtoto huwa mzito wa kushika masomo, hukosa utulivu darasani, huwa mwepesi wa hasira. Tatu, hujificha mifupani. Katika damu risasi hupungua kwa nusu baada ya takriban mwezi mmoja, lakini katika mifupa hukaa miaka mingi, hata miongo. Mwanamke aliyekula risasi utotoni anaweza kumpitishia mtoto wake akiwa tumboni, kwa kuwa mimba huchota kalisi kutoka mifupani mwa mama na risasi hutoka pamoja nayo.

Watu wazima nao hawajasazwa. Risasi hupandisha shinikizo la damu, huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na huharibu figo.

Je, kiasi gani ni salama? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Katika mwongozo wake wa 2021 linashauri kwamba yeyote mwenye mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo cha sumu hiyo kitafutwe na kiondolewe. Hiyo 5 si kibali cha kukaa na 4. Ni kengele tu.

DALILI ZINAZODANGANYA

Ubaya wa risasi ni kwamba mwanzoni haioneshi dalili yoyote. Zikija, hufanana na za maradhi mengine: maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kufunga choo, kukosa hamu ya chakula, kuumwa na kichwa, uchovu, weupe wa viganja kwa upungufu wa damu. Sumu ikizidi sana mtoto hutapika mfululizo, hupatwa na degedege, na anaweza kuzimia na kufariki. Mtoto akifikia hali hiyo, usingoje kukuche, mkimbize hospitalini.

Kisa cha Owino Uhuru kule Mombasa ni somo kwa kila mzazi. Kuanzia 2007 hadi 2014 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani mwa kijiji hicho. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alikuwa na mtoto mchanga aliyeugua. Madaktari walishuku malaria na homa ya matumbo, na matibabu hayakufua dafu. Hatimaye damu ya mtoto ilipimwa risasi, ikapatikana. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kupigania kijiji kizima, na 2015 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman.

Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hukumu ilipatikana, lakini hakuna mahakama inayoweza kumrudishia mtoto ubongo alioupoteza. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na kazi hiyo hiyo ya betri kuukuu.

Wala tusidhani mambo haya ni ya mbali. Mnamo 2007 Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira ulitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita ya damu. Dandora iko mashariki, lakini taka zinazotupwa huko hutoka kote jijini: betri ya redio iliyotupwa Lavington, kopo la rangi lililotupwa Westlands, taa iliyovunjika ofisini Kenyatta Avenue. Ukitupa sumu kwenye pipa lako haijaangamia. Imehamia kwa mtoto wa mwingine.

Risasi pia ina ndugu zake. Zebaki imo ndani ya taa ndefu za ofisini na katika baadhi ya krimu za kuchubua ngozi, na huharibu figo na neva. Kadimiamu imo katika betri fulani za kuchajiwa na katika moshi wa sigara, nayo hushambulia figo na mifupa. Kanuni tutakazozitaja hapa chini zitakusaidia dhidi ya nyingi kati ya hizo.

UFANYE NINI NYUMBANI

1. Viatu viachwe mlangoni. Vumbi la barabarani lisipovuka kizingiti, nusu ya vita umeshinda. Weka kitambaa chenye unyevu mlangoni kwa wanaoingia.

2. Pangusa kwa maji, usifagie pakavu. Ufagio mkavu hulipandisha vumbi hewani, kisha likatua kwenye vyombo na kitanda cha mtoto. Sakafu na vizingiti vya madirisha vipanguswe kwa kitambaa cha maji na sabuni angalau mara mbili kwa juma. Maji yake yamwagwe chooni, siyo uani watoto wanakochezea.

3. Mtoto aoshwe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, hata kama mikono yaonekana safi. Kucha zake zikatwe fupi. Vitu vyake vya kuchezea vioshwe mara kwa mara.

4. Fundi wa betri, wa rangi, wa gereji au wa kulehemu abadilishe nguo na viatu huko kazini. Aoge kabla ya kumbeba mtoto. Ovaroli yake isifuliwe pamoja na nguo za watoto, wala isining'inizwe chumbani wanamolala. Ikiwa nyinyi nyote mwaishi katika chumba kimoja, ifungwe ndani ya mfuko nje ya mlango.

5. Usikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, watoto na waja wazito wakiwa mbali, kisha ukusanye maganda yote. Usiwashe jiko kwa mbao zilizopakwa rangi.

6. Mboga za majani ziondolewe majani ya nje na zioshwe kwa maji safi yanayotiririka au ndani ya karai kwa maji ya kubadilisha mara tatu. Viazi, karoti na nduma vimenywe. Ukiwa na kishamba chako, kiwe mbali na barabara na gereji, na usikinyunyizie maji ya mto.

7. Usipike wala kuhifadhi chakula chenye nyanya, ndimu au siki katika sufuria ya kumiminwa ambayo hujui ilitengenezwa kwa nini.

8. Mlishe mtoto kabla hajatoka kucheza. Tumbo tupu hunyonya risasi zaidi, kwa hiyo kikombe cha uji asubuhi ni kinga. Maziwa na omena humpa kalisi. Ndengu, maharagwe, mayai na nyama humpa madini ya chuma. Chungwa au embe humsaidia kuyapokea madini hayo. Chakula hakifuti sumu, lakini huufunga ule mlango tuliousema.

9. Mja mzito aachane na odowa. Hamu ya kula udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na kliniki ina tembe za kumsaidia.

10. Betri ya gari iliyokufa irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima. Isivunjwe, isichomwe, isiwekwe ndani kama kigoda.

UKISHUKU, UPIMWE

Njia ya kujua kwa hakika ni kupima damu. Ikiwa nyumbani mwenu kuna anayefanya kazi ya betri au rangi, au mwaishi kando ya karakana, au mtoto anakula udongo na hapati nafuu ya upungufu wa damu, mweleze daktari wazi na umwulize kuhusu kipimo cha risasi. Usimwachie akisie. Damu inayotolewa kwenye mshipa huaminika zaidi kuliko ya kidole, kwa kuwa ngozi ya kidole yenyewe yaweza kuwa na vumbi la risasi.

Tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo. Mtoto akiondolewa penye sumu, kiasi kilicho katika damu huanza kushuka. Zipo dawa zinazoinasa risasi na kuitoa kwa mkojo, lakini hutolewa hospitalini kwa walio na kiwango kikubwa. Kwa mtoto wa miaka 10 au chini, Shirika la Afya Duniani linazipendekeza akifikia mikrogramu 45. Dawa hizo zaweza kuokoa maisha. Hazikarabati ubongo ulioharibika. Jihadhari pia na wachuuzi wanaodai kuuza dawa ya mitishamba ya kusafisha damu, kwani huenda dawa yenyewe ina madini hayo hayo.

HAKI YAKO KISHERIA

Kuna mambo ambayo ndoo na sabuni haviwezi. Huwezi kupangusa moshi wa kiwanda. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo, na si lazima athibitishe kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Sheria ya mazingira ya 1999 ndiyo iliyounda halmashauri ya NEMA, ambayo ina uwezo wa kukifunga kiwanda kinachochafua. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza.

Ukiona betri zikiyeyushwa mtaani, usianze kwa kugombana na fundi. Huenda naye ana watoto nyumbani na hajui anachowapelekea. Mweleze. Asiposikia, mwone chifu na afisa wa afya ya umma wa wadi yako, kisha uandikie NEMA. Andika tarehe, mahali na ulichokiona, na ubaki na nakala. Majirani kumi wakitia sahihi, barua huwa na uzito zaidi kuliko ya mmoja.

Kizazi kilichotangulia kilivuta moshi wa petroli yenye risasi kwa miaka mingi, kikidhani huo ni moshi tu. Sisi hatuna udhuru huo. Leo jioni, kabla ya mtoto kuketi mezani, mwite aoshe mikono, nawe uvue viatu mlangoni.